Alama za Riziki Mlangoni

Juzi nilikuwa mjini kwa wauza vitenge, nachagua kitambaa cha sherehe ya mdogo wangu, nikasikia sauti ninayoijua. Ilitoka kwenye simu ya muuzaji, ameiweka juu ya kaunta huku anahesabu vipande. Ilikuwa sauti ya yule mwanamke wa mtambo wa simu, anayesema kwa Kifaransa laini kwamba unayempigia hapatikani. Mimi Kifaransa sikijui. Ni mtu wa Kimeru na Kiswahili changu cha Sokon I, mtaa wetu wa Arusha. Lakini sentensi ile naijua yote, hadi pale mama yule anapovuta pumzi kabla ya kuirudia. Muuzaji akaniuliza, "Dada, vipi, unachukua au?" Nikabaki nimeshika kitenge kama niliyesahau nimekuja kufanya nini.

Niliisikia mara ya kwanza nikiwa darasa la tatu, kupitia ukuta. Upande wa pili wa ukuta alikuwa mpangaji wetu wa chumba cha uani, mwanamke mrefu kutoka Kongo aliyekuwa akizungusha vitenge mitaani. Jioni akirudi alivua viatu, akanawa miguu, akapiga simu kwao. Yule mama wa mtambo akamjibu. Akakata, akapiga tena, akajibiwa vilevile. Siku chache katika mwezi mtu alipokea, na siku hizo chumba kizima kilicheka.

Jina lake lilikuwa Mama Riziki, na jambo hilo lilinisumbua sana, kwa sababu Riziki mwenyewe sikumwona. Nilichungulia hadi uvunguni. Mwishowe nikamuuliza yuko wapi.

"Iko kwa mujomba yake," alisema. "Iko sawa na wewe. Mulizaliwa mwaka moja."

Siku moja tulipokuwa tunakula naye, alinieleza kwao kulivyo kwa kutumia sinia letu. Ugali ulikuwa umesimama katikati, mboga imeuzunguka. Akagusa ugali. Hapa juu ni sisi, alisema, mlimani, kwenye baridi, na ng'ombe wetu. Akazungusha kidole kwenye mboga. Huku kote ni watu wanaotuita wageni, ingawa babu wa babu yangu kaburi lake liko pale.

"Wazungu walichora mupaka kwa karatasi," alisema. "Wakapigana vita yao, wakamaliza, wakaenda. Mupaka ikabaki. Bandugu yetu wakabaki ng'ambo, sisi huku. Kila vita inayokuja inasema inakuja juu ya ile mupaka, halafu inatukuta sisi."

Sikuelewa yote. Nilichoelewa ni kwamba alishuka siku moja gulioni kuuza maharage, akamwacha Riziki kwa mjomba kwa sababu mtoto alikuwa na mafua. Mafua tu. Nyuma yake wapiganaji wakafunga barabara, na mlima ule ukawa kisiwa. Aliyekuwa chini hakupanda, aliyekuwa juu hakushuka. Alingoja hapo chini mpaka vita vikamfuata na hapo, ndipo akakimbia, akavuka ziwa, na hatimaye akafika kwetu. Mama yangu, akiisikia hadithi hiyo, aliacha kula. Mimi niliendelea, maana nilikuwa mtoto na mboga ilikuwa na karanga.

Alinipenda, au hivyo ndivyo nilivyojua. Alikuwa ananisimamisha kwenye mlango wa chumba chake, kisigino kwenye mbao, ananiwekea kiganja kichwani na kukwaruza alama kwa kisu cha jikoni. "Umekua," anasema, na macho yanamlegea kabisa. Kwetu hakuna aliyekuwa na muda wa kushangaa kwamba nimekua. Ilikuwa ni kulalamikia viatu tu. Kwa hiyo nilijivuta juu kidogo kila nilipopimwa, nimfurahishe.

Sasa, ili mnielewe nilichofanya, lazima niwapeleke kwanza shambani kwa babu, juu kwenye mteremko wa Meru. Huko mipaka ya mashamba hatuweki ukuta. Tunapanda masale, yale majani marefu ya kijani yanayosimama wima mwaka mzima, kiangazi na masika. Isale ya babu ilipopandwa, babu wa jirani alikuwepo, na watoto wote wanaambiwa. Kuing'oa ni kumtukana mtu na marehemu wake wote kwa pamoja.

Jirani, Baba Elia, aliyang'oa. Alitaka nafasi ya migomba mitatu. Babu alikuwa na hasira ya kutisha; alinoa panga akasema hanoi kwa ajili ya majani ya ng'ombe. Tulikuwa tunalala na wasiwasi. Basi asubuhi moja Baba Elia akaja uani, kofia kwapani, ameshika kwa mikono miwili jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu hivyo ndivyo mtu anavyoomba amani. Babu alikunywa chai yake yote, pole pole, tukiwa tumesimama. Kisha akanyoosha mkono akalipokea.

"Umeniweza," alisema, na mambo yakaishia hapo. Kabla ya jua kali walikuwa wanapanda masale upya wawili hao, wakigombana tu kuhusu kina cha shimo.

Nilimuuliza bibi kama babu angeweza kukataa. Bibi alinitazama kana kwamba nimeuliza kama maji yanaweza kupanda mlima. "Isale haikataliwi," alisema. "Ukikataa, baya likikupata usiulize limetoka wapi."

Mwaka huohuo wakaja Arusha watu wa vita vya kwao Mama Riziki, kuzungumza amani. Mji wetu umezoea mambo hayo. Misafara ya magari inapita, sisi tunasimama kando mpaka ipite, tunaendelea na safari. Lakini safari hii walifikia katika hoteli ambayo mama yangu alikuwa anafua na kupiga pasi. Na kwenye televisheni Mama Riziki alinionyesha mtu mmoja mnene mwenye miwani. "Ule ndiye anafunga barabara yetu," alisema.

Mnaona tayari nilikokwenda. Nilikata jani la isale kwenye mpaka wetu na jirani pale Sokon, nikalifunga fundo kama la Baba Elia, na baada ya shule nikaenda kumngoja mama mlango wa nyuma wa hoteli, penye joto la pasi na harufu ya sabuni. Nilishazoeleka pale, walinzi hawakunijali. Yule bwana alikuwa na tabia ya kutokea upande huo kuvuta sigara. Alipotoka nikamwendea.

"Shikamoo," nikasema, na nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. "Naomba umfungulie Riziki barabara."

Alikuwa mtu mpole. Hilo limenisumbua maisha yangu yote, upole wake. Aliinama, akaliangalia jani, akatabasamu. "Asante, mutoto," akasema. "Ni zuri." Akalitia kwenye mfuko wa shati, akanigusa shavu, akarudi ndani.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Amepokea, nilimwambia Mama Riziki, amepokea kwa mkono wake, na nikamweleza habari ya babu na Baba Elia na kwamba isale haikataliwi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kesho yake alirudi na sweta la bluu la mtumba, zito, maana Arusha mwezi wa saba si mchezo. Akanivalisha kwanza, akavuta mikono aone kama inafika. Ilifika. Akalivua, akalikunja, akaliweka juu ya sanduku lake.

Televisheni ikaonyesha watu wanatia saini na kushikana mikono. Yule bwana alikuwepo, amevaa shati jingine. Mtaa mzima ulimpongeza Mama Riziki kana kwamba ameolewa. Jioni ile alipiga simu, mjomba akapokea, na nikasikia kupitia ukuta sauti ya mtoto. Alikuwa anakohoa, na bado anacheka.

Ilikuwa mara ya mwisho. Wageni walikuwa hawajamaliza hata kufunga mizigo yao tuliposikia kwamba mlima ule umeshambuliwa, na kila upande ukasema ni upande wa pili. Mama Riziki akapiga. Akajibiwa na mama wa mtambo. Akapiga, akajibiwa.

Siku hiyo mama yangu alirudi kazini na kitu kwenye leso. Kazi yao ni kupekua mifuko kabla ya kufua: kalamu, vijiti vya meno, chochote kinarudishwa kwa mgeni, na takataka zinatupwa. Alifungua leso mezani, mbele yangu na Mama Riziki. Jani langu lilikuwa limenyauka, fundo bado lipo.

"Lilikuwa kwenye nguo chafu," mama alisema. "Nilishindwa kulitupa."

Nililia kwa hasira. Nilisema yule bwana katudharau, kakataa, sasa baya litampata. Mama Riziki alinivuta magotini pake.

"Hakukataa," alisema. "Hakujua ni kitu gani."

Alichukua lile jani akalichomeka kwenye udongo, kwenye mstari wa masale yetu, na nikalimwagilia asubuhi na jioni, kabla na baada ya shule. Sasa mimi ni mtu mzima na najua anachojua kila mkulima, kwamba jani la isale halioti, unapanda shina. Mama alijua. Mama Riziki, mtoto wa wakulima, alijua. Walinipita na ndoo yangu ya maji bila kusema kitu. Nadhani hakuna aliyekuwa na kitu kingine cha kunipa nifanye.

Nilifikiri wakati ule kwamba kosa ni la fundo. Leo naona kwamba babu na Baba Elia walikuwa na mstari ambao wote wawili walijua ni mkono wa nani ulioupanda. Mstari wa kwao Riziki ulipandwa na watu waliokwisha kuondoka. Hakuna wa kubeba jani, wala wa kupelekewa. Redio bado inautaja mlima ule, nami bado naongeza sauti, kisha sijui nifanye nini na nilichosikia.

Mama Riziki alikaa kwetu miaka mingine kadhaa, halafu akaondoka kwenda karibu na ziwa, alisema, awe jirani na habari. Sweta aliniachia mimi lilipokuwa limeshanibana. Chumba chake sasa ni stoo. Mwaka jana fundi alitaka kupiga mlango ule msasa apake rangi, nikamzuia, akanicheka kwa mbao mbovu kiasi kile. Alama zipo zote, kuanzia usawa wa kifua changu hadi karibu na nyusi. Chache za mwanzo ziko karibu karibu, halafu zinaanza kuruka, maana nilirefuka ghafla.

Aliendelea kunipima hata baada ya simu kunyamaza. Ananisimamisha, kiganja kichwani, kisu kwenye mbao. "Umekua," anasema. Nami najivuta juu, najiona napendwa, nikidhani anayepimwa ni mimi.