Jiepushe na Zabibu

Ilitangazwa rasmi, mnamo Februari mwaka 1977, katika mkutano uliofunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala, kwamba kuanzia siku hiyo matangazo yote ya afya yangeandikwa kwa Kiswahili sanifu. Kiswahili, ilielezwa, ni lugha ya taifa. Taifa ni wananchi. Basi mwananchi akitangaziwa jambo kwa Kiswahili sanifu hana budi kulielewa, na asiyelielewa atakuwa amekataa mwenyewe. Wakalimani hawatahitajika tena. Waliohudhuria walipiga makofi, na mzee mmoja wa safu ya nyuma akamwomba jirani yake amweleze kwa Kikuyu ni nini kilichopigiwa makofi.

Wiki mbili baadaye karatasi ya kwanza ya mpango huo ilibandikwa kwenye ukuta wa hospitali moja mjini Nyeri, kando ya dirisha la kuchukulia kadi. Ilisema: MGONJWA WA KISUKARI AJIEPUSHE NA ZABIBU, TENDE, HALUWA, ASALI NA VINGINE VYOTE VYA JINSI HIYO.

Wagonjwa wa kisukari walikuja kliniki kila Jumanne kutoka Othaya, Chaka, hata Wang'uru kwenye mpunga. Walikuwa wakulima wa kahawa na viazi, watu wa mabuti na makoti mazito. Tende hawakuijua. Haluwa hawakuijua. Asali waliijua, na waliuliza kama pombe ya asali nayo imo, wakajibiwa vibaya. Lakini Zabibu walimjua wote. Alikuwa ameketi langoni, hatua kumi kutoka kwenye karatasi ile, nyuma ya meza yenye kitambaa cha plastiki, akiuza vitu vitamu.

Zabibu binti Athman alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa Majengo. Baba yake, fundi cherehani, aliingia Nyeri na msafara wa Wazungu akasahau kuondoka. Mama yake alikuwa Mkikuyu wa Tetu aliyesilimu kwa ajili ya ndoa na hakuulizwa tena juu ya jambo hilo. Zabibu mwenyewe aliolewa na Salim, dereva wa lori la barabara, na katika miaka ishirini ya ndoa hawakujaliwa mtoto. Kwa hiyo wakati wanawake wa rika lake walikuwa wote Mama Fulani, yeye alibaki na jina alilozaliwa nalo. Hakuwa na lingine.

Salim alipatikana na kisukari mwaka 1969. Alikuwa mtu wa kaimati, kashata na chai ya kusimamisha kijiko. "Nimeambiwa niache sukari," alisema, "sikuambiwa niache raha." Akawa anatoroka kwenda kula kaimati za watu wengine, na mwanamke yeyote aliyeolewa anajua kwamba huo ni usaliti wa daraja la juu. Zabibu akaamua kumtengenezea kitu kitamu ambacho hakingemuua.

Alianza kwa kosa ambalo kila mtu wa nchi hii ameshalifanya. Ugonjwa unaitwa wa sukari, basi akaondoa sukari akatia asali. Siku hizo mkojo ulipimwa nyumbani: matone machache kwenye kichupa cha dawa ya buluu, kichupa kikachemshwa jikoni, halafu ukangoja rangi. Ikibaki buluu, mtu ashukuru. Kijani, aangalie. Rangi ya matofali, aombe. Asali ilitoa matofali. Sukari nguru, ambayo majirani waliapa kwamba haina neno kwa kuwa haijapitia kiwandani, ilitoa matofali mekundu zaidi. Ndizi zilizoiva mpaka zikapiga madoa: matofali. Majirani waliokiona kile kichupa dirishani wakaanza kunong'ona kwamba Salim ni mganga, na wawili walikuja kuulizia mambo ya mapenzi.

Ilimchukua miezi saba na msaada wa muuguzi mmoja, Sista Magdaline Warigia, aliyemfundisha neno moja tu: kipimo. Mwishowe alipata pudini ya malenge. Malenge ya kuchemshwa na kupondwa mpaka yalainike, maziwa, mayai mawili, iliki, mdalasini mwingi kuliko akili inavyoruhusu, chumvi kidogo, halafu sufuria ikapaliwa makaa chini na juu ya kifuniko. Mdalasini na iliki, aligundua, huudanganya ulimi. Ulimi unasikia harufu ya sherehe unadhani sukari iko njiani. Aliipakua kwa kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono. Kimoja. Salim aliomba cha pili kila jioni kwa miaka mitatu na kila jioni alinyimwa. Alikufa mwaka 1973 kwa nimonia, kichupa chake kikiwa buluu safi. Sista Magdaline alimsifu sana kwa hilo.

Baada ya eda Zabibu aliweka meza langoni. Haikuwa hisani wala biashara kubwa. Wagonjwa wa Jumanne walikuja bila kula, wakatolewa damu, wakadungwa sindano, wakatoka na dawa mwilini na tumbo tupu, na safari ya Othaya mbele yao. Wengine walianza kutetemeka kabla hawajafika stendi. Kikombe kimoja cha pudini na kipande cha kiazi kitamu viliwafikisha nyumbani. Kwa miaka mitatu na nusu hilo lilifanyika bila tangazo lolote.

Jumanne ya kwanza baada ya karatasi, alimwona mteja wake wa zamani kuliko wote, Mzee Muriithi wa Othaya, akipita upande wa pili wa njia, mkewe Gathoni amemshika kiwiko.

"Mzee Muriithi! Leo hunijui?"

"Nakujua sana. Ndiyo maana napita huku."

"Baba Ndung'u, usisimame," Gathoni alisema. "Imeandikwa ujiepushe."

"Na kusarimia pia?"

"Sarimia ukienda."

"Zabibu, habari ya siku," Muriithi alisema akitazama paa la hospitali. "Si mimi. Ni serikari."

Nyuma yao bwana mmoja wa Chaka aliuliza, "Kwani huyu mama ako na ugonjwa?" Akajibiwa, "Hapana, yeye ndiye anaupeana."

Jioni hiyo Zabibu alirudi Majengo na sufuria nzima. Alikula pudini peke yake, siku mbili, kwa kijiko cha Salim.

Sista Magdaline alipomsomea karatasi alicheka mpaka akavua miwani. Zabibu alimngoja amalize. Kisha akafanya lililobaki kufanywa: akajieleza. Kikuyu alikijua kama yeyote wa Tetu, lakini Kikuyu hakina jina la tunda hilo, kwa sababu Mlima Kenya haukuwahi kuliotesha. Kila alipoeleza, sentensi ilimtoka ikiwa "Zabibu si Zabibu," maneno ambayo hata mtu mwenye afya hawezi kuyategemea.

Jumanne ya pili askari wa baraza la mji, kijana aitwaye Mutahi, alisimama mbele ya meza akitafuna kijiti.

"Mama, nimeona hakuna mtu anakula hapa."

"Watakula."

"Sheria ni wiki nne. Meza ikikaa wiki nne bira kazi, tunapatia mwingine. Kuna mama ameomba hii pahari. Wa soda na biskuti."

"Soda? Kwenye lango la kliniki ya sukari?"

"Soda haiko kwa ile karatasi," alisema Mutahi, na alisema kweli.

Basi akaenda ofisini kwa Bwana Theuri, afisa aliyeiandika karatasi. Theuri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amehudhuria kozi Mombasa, akarudi na kijitabu, akanakili orodha bila kuacha hata herufi moja, maana alikuwa mwangalifu.

"Zabibu ni tunda, mama," alimwambia kwa upole. "Liko kwenye kamusi."

"Na mimi niko langoni. Wamepita mbele ya kamusi lini?"

"Kulibadili tangazo lazima idhini itoke juu. Inachukua muda. Pengine mwaka." Alifikiri kwa dhati, kalamu mdomoni. "Wewe huwezi kubadili jina?"

"Mimi?"

"Ni rahisi zaidi. Wewe ni mmoja, karatasi ni mia mbili."

Zabibu alimshukuru. Alitoka, akateremka mpaka duka la Mhindi karibu na soko, akanunua pakiti ya zabibu kavu, zile za kutia kwenye keki ya Krismasi. Jumanne ya tatu alizimwaga kwenye sahani nyeupe katikati ya meza. Aliwaza kwamba mtu akishaona kwa macho yake tunda lenyewe, jambo litaisha.

Muriithi alikaribia kwa sababu ya sahani. Gathoni alikuwa bado kwenye foleni ya kadi.

"Hii ni nini? Kinyesi ya mbuzi?"

"Ndizo zabibu. Tunda limekaushwa. Hiki ndicho ulichokatazwa, Mzee, si mimi."

"Hii?" Akachukua moja, akaitafuna kwa meno ya mbele. Akachukua mbili. Kisha akajaza kiganja, na mfuko wa koti. "Woi! Kumbe iko tamu hivi! Wewe wa Chaka, kuja uone kitu tumekuwa tukikatazwa!"

Wa Chaka akaja. Wakaja na wengine sita. Sahani ilibaki nyeupe kabla Zabibu hajanyanyua mkono, na waliochelewa waliambiwa tu kwamba Zabibu leo amekuja na zabibu, kwamba ni kweli, na kwamba zimeisha. Pudini hakuigusa mtu.

Wiki iliyofuata Muriithi alizimaliza za mfukoni njiani kuja kliniki, na kichupa chake kilitoa rangi ya matofali. Sista aliyekuwa zamu, mgeni kutoka mbali, alimuuliza amekula nini. Muriithi, mzee wa kanisa, hakusema uongo.

"Nirikura zabibu."

"Za wapi?"

"Za Zabibu."

Ikaandikwa kwenye kadi, ikapigwa muhuri. Sasa jambo lilikuwa na ushahidi.

Hiyo ndiyo ilikuwa Jumanne ya nne. Mutahi alifika saa nne asubuhi na utepe wa kupimia. Mama wa soda alikuwa ameshaweka kreti moja chini, kwa adabu, kando kidogo. Zabibu alikuwa ameanza kukunja kitambaa. Hakuwa analia, alikuwa na uchovu wa mtu aliyebeba maji kilima kizima akaambiwa kisima kiko huku. Kama meza ingeondoka, Jumanne yake ingeondoka, na siku nyingine sita hazikuwa na kitu ndani.

Ndipo Muriithi akatoka kliniki. Alikuwa ameongezewa dawa kwa ajili ya yale matofali. Alipiga hatua tano, jasho likamtoka na baridi ile ya Nyeri, magoti yakaanza kucheza. Gathoni alimshika. Aliangalia kreti ya soda, akaangalia sufuria. Gathoni alikuwa amemwona mumewe akila kwenye sufuria ile miaka mitatu na nusu na kufika nyumbani akiimba.

"Hicho chakura chako," alisema haraka, "kimetengenezwa na nini?"

"Malenge. Maziwa. Mayai."

"Marenge." Akamkalisha mumewe kwenye jiwe, akaenda mpaka ukutani, akamshika mkono mwanafunzi wa uuguzi. "Nisomee hii. Yote. Poro poro." Alisikiliza mpaka mwisho, hata sahihi ya Bwana Theuri. Akarudi.

"Marenge hayako," alitangaza kwa sauti ya kusikika na foleni nzima. "Maziwa haiko. Basi wewe si yule. Wewe ni Mama Marenge. Baba Ndung'u, kura kwa Mama Marenge."

"Lakini huyu ni Zabi—"

"Kura!"

Akala. Kutetemeka kukapungua, kukaacha. Wa Chaka alisogea, akauliza kama Mama Marenge ana kikombe kingine. Foleni ikapinda kuelekea langoni kama maji yaliyofunguliwa mfereji.

Mutahi alikuwa bado na utepe mkononi, na daftari. Watu walikuwa wanakula. Sheria ilikuwa wazi. "Mwenye meza niandike nani?" aliuliza.

Zabibu alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita. Kwa miaka mingi alikuwa amefikiri juu ya mtoto ambaye kwa jina lake yeye angeitwa Mama, awe mvulana, awe msichana. Hakuwahi kufikiria malenge.

"Andika hilo," alisema, na kuchukua kikombe kingine.

Alikaa langoni miaka tisa zaidi. Aliongeza matunda damu, zile nyanya za mti, ya kuchemshwa na mdalasini, na uji wa wimbi uliochachushwa, na wakati wa malenge kuadimika, kastadi ya mayai. Alikataa cha pili kwa kila mtu, pamoja na Bwana Theuri, ambaye mwaka 1981 naye alianza kuja kliniki Jumanne. Sista Magdaline, mtu pekee wa hospitalini aliyeendelea kumwita Zabibu, alihamishiwa Wang'uru. Muriithi alikufa kwa uzee. Wagonjwa wapya walipokea jina kama walivyolikuta.

Alifariki Jumatatu moja ya Julai mwaka 1986, akazikwa alasiri hiyo hiyo, kama ilivyo desturi ya kwao. Jioni, redio ilisoma habari ya kifo chake kwa Kiswahili sanifu, polepole, bila kosa: Zabibu binti Athman, wa Majengo, Nyeri. Ilisikika Othaya, Chaka na Wang'uru.

Kesho yake wagonjwa kumi na wanne walitoka kliniki, wakaketi langoni, wakamngoja Mama Marenge mpaka saa nane.