Picha Zisizo na Wenyewe

Saa mbili asubuhi, mlango wa chuma unapandishwa kwa kelele na mpiga picha anaingia studio kwake, kikombe cha chai mkononi. Kamera haigusi. Anavuta stuli, anawasha kompyuta, anavaa miwani, kisha anaanza kudonoa herufi kwa kidole kimoja kama kuku anayeokota mtama.

"Usicheke," anasema. "Nafika polepole, lakini nafika."

Mtaa mzima unamwita Usipepese, neno alilowapigia wateja kelele kwa miaka arobaini kabla ya kubofya. Enzi hizo, kila Jumapili foleni ilifika nje, maharusi wakibanana na watoto waliopakwa mafuta wakang'aa. Siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni. Akipata watu kumi wa picha za pasipoti, siku hiyo imenona.

Kinachomwamsha mapema sasa ni kazi nyingine. Stoo ya nyuma, yenye mikanda ya filamu ya tangu enzi za marehemu tajiri wake, mwenye studio wa kwanza, itavunjwa mwisho wa mwezi. Duka la jirani lenye mashine ya kuskani lilishaingiza picha zote za mikanda hiyo kwenye kompyuta kwa jumla, na yeye anataka kila moja imfikie mwenyewe.

Binti yake wa mwisho, fundi wa kompyuta, ndiye aliyemtengenezea majedwali mawili. La kwanza lina picha, pamoja na namba za risiti. La pili lina wateja: namba ya risiti, jina, mtaa. Picha haijui jina, na jina halijui sura. Kinachovikutanisha ni namba tu.

"Ni kama kutafutia soksi mwenzake," anaeleza. "Naiambia mashine: chukua picha, chukua wateja, niletee zinazofanana namba."

Zikija, anapiga simu. Juzi mama mmoja alijiona akiwa msichana wa kiuno chembamba, akabisha kabisa kwamba si yeye.

Lakini yupo mmoja aliyemtafuta humo kila siku bila kumpata: mkewe, aliyefariki huyu binti akiwa bado anatambaa. Mtu aliyepiga picha mji mzima hakuwa na picha ya mke wake, ila ile ya kitambulisho, iliyofutika pua na mdomo.

"Kila nikishika kamera, ananiambia, 'Subiri kwanza nisuke,'" anasema. "Nami nikasubiri. Najuta mpaka leo."

Binti amekua akiwauliza shangazi zake mama alifananaje, na kila shangazi ana lake. Jumamosi moja, akimsaidia baba yake, aliona kitu.

"Baba, picha zilizoingizwa ni nyingi kuliko zinazotoka. Nyingine zinakwenda wapi?"

"Zitakuwa mbovu, mama. Achana nazo."

Hakuachana nazo. Alimweleza kwamba ombi lake huleta zile tu zenye mwenzake upande wa pili. Isiyo na mwenzake huachwa nje, na mashine wala haisemi. Akabadilisha maneno machache: leta picha zote, na pasipo na mteja, acha jina wazi.

Zikamiminika picha mamia, safu ya jina tupu.

Mpiga picha alifungua mbili tatu, akashika kichwa. Zilikuwa picha za mwisho za kila mkanda. Tajiri hakuruhusu filamu itolewe kabla haijaisha, hivyo jioni ikibaki moja, wafanyakazi walimpiga yeyote wa kwao aliyekuwepo: mke aliyeleta chakula, mtoto aliyetoka shule. Risiti hawakuandika, maana ingekatwa kwenye mshahara. Kuzisafisha kwenye karatasi nako hawakuthubutu.

"Nilijua zilikatwa zikatupwa," anasema. "Tulifurahia kule kubofya tu. Tunacheka mpaka tajiri anagonga ukuta! Jamani, tuliishi."

Walizipitia moja moja hadi chai ikapoa. Ndipo akatokea mwanamke ameketi na kapu la chakula, mkono ameuinua kuizuia kamera, anacheka, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama.

Binti aliikuza picha ikajaa kioo, akajishika shavu.

"Baba, mbona mdomo ni wangu?"

"Ni wake," alimjibu. "Wewe umeazimwa tu."

Mkanda wenyewe ameshautoa stoo, na wiki hii ataisafisha picha hiyo kubwa, ya kutundikwa sebuleni kwa binti. Nyingine atazibandika kwenye kioo cha studio. Fundi wa chumba cha giza cha kusafishia picha, rafiki yake wa siku zile, ameahidi kuja kuwatambua watu wake.

"Nataka stoo ikianguka, asibaki mtu asiye na jina," anasema.

Asubuhi hii anaanza na wa kwake. Kwenye jedwali la wateja anafungua mstari mpya, anampa mkewe namba ya risiti, na namba hiyohiyo anaiandika kwenye picha. Anadonoa jina lake lote, herufi kwa herufi. Akifika kwenye mtaa, kidole kinabaki hewani kitambo. Kisha anaandika: nyumbani.