Mji Aliouchagua Bi Zuwena

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, miaka ya tisini, tumekaa nyumbani kwetu mtaa wa Azaiba, Maskati, baada ya chakula cha mchana. Mama yangu mdogo, Bi Zuwena, alikuja kututembelea kutoka New York, alikofanya kazi ya uuguzi tangu ujana wake. Alikuwa mjane, hana mtoto, na kustaafu kumekaribia. Mama alimsihi ahamie kwetu Maskati. Akasema mumewe kazikwa Marekani, naye nchi ile haiwachi. Atahamia Pittsburgh.

Mimi nlikuwa na kazi wizarani Al Khuwair, gari jipya, na ulimi mwepesi. Nkacheka mbele ya watu.

"Pittsburgh ndo wapi, mama mdogo? Wenzako wanastaafu Miami, ufukweni. Wewe wenda kwenye baridi kwa sababu nyumba zake rahisi?"

Hakukasirika. Aliweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Khalfani, mji si kanzu ya Idi, uvae watu wakuone. Miami nlikaa wiki mbili. Pazuri, lakini kodi ingemeza pensheni yangu yote. Pittsburgh nlikwenda wakati wa theluji, makusudi, niuone ubaya wake kwanza. Nkapanda basi mpaka hospitali. Nkatembea mpaka msikitini. Nkagonga mlango wa jirani nkamuuliza habari za mtaa, yule bibi akanikaribisha chai. Mimi ntazeeka peke yangu, mwanangu. Natafuta watu watakaojua kama sikuamka."

Nkainamisha kichwa. Wanasema kuuliza si ujinga. Mimi sikuwa nimeuliza kitu, nlicheka tu.

Miaka ikapita, tukaingia elfu mbili na kitu. Tukapigiwa simu: Bi Zuwena kaanguka jikoni kwake huko Pittsburgh, kavunjika nyonga. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na sisi ndugu zake tuko Maskati! Nkapanda ndege nkijua ntamkuta mpweke. Kumbe yule jirani aliona mapazia hayajafunguliwa asubuhi, akaita gari la wagonjwa mara moja. Hospitalini nkawakuta wanawake wa msikitini wanapokezana zamu, mmoja anamsuka nywele, mwengine kaleta supu.

"Umefika?" akanambia, anatabasamu. "Kaa, ule."

Nkala, machozi yananitoka. Sijapata kumstahi mtu kama nlivyomstahi siku ile.

Basi mwanangu, utakapotafuta mji wa kuzeekea, usifuate sifa za barazani. Nenda ukauone siku zake mbaya. Chukua nyumba utakayoiweza bila ya kujinyima dawa, upime umbali wa daktari kwa miguu ya mzee, si kwa yako ya leo. Na kabla ya kuulizia nyumba, ulizia jirani.

Mwenyezi Mungu akujaalie uzee wenye afya, akuzungushie watu wa kheri, na mlango wako usikose wa kuubisha. Amin.