Sauti ya pili ambayo Prudencia haisikii

Saa kumi na mbili asubuhi, Prudencia Kokulinda amekwisha kumenya mikungu miwili ya ndizi. Ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya mgahawa mmoja jirani na stendi ya mabasi ya Nyegezi jijini Mwanza, mikono ameipaka mafuta ya kula ili utomvu usimgande. Kisu kinapita chini ya ganda, ndizi inaanguka kwenye beseni la maji, mkono unafuata nyingine. Macho yake hayapo kwenye kazi.

Wanawake wawili wanaomenya naye wanazungumza kwa sauti ya chini. Hakuna redio. Ukungu wa ziwa umeshuka hadi kwenye mabati ya jiko, na kila baada ya muda Prudencia anasimamisha kisu na kuinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

"Nimeshazoea kusikiliza," anasema anapoulizwa. "Wenzangu wote wameshamsikia. Bado mimi tu."

Prudencia ana umri wa miaka 34. Alizaliwa Muleba mkoani Kagera, akaletwa Mwanza akiwa darasa la tatu baada ya baba yake kupata kazi ya ukarani, na tangu amalize shule amekuwa akimenya ndizi. Hulipwa shilingi 800 kwa mkungu. Palipo na harusi anaweza kumaliza mikungu kumi na tano kwa siku. Siku za kawaida ni minane au tisa. Anaishi Mkolani na mama yake, Paskazia, mwenye miaka 71, katika nyumba ya vyumba vitatu aliyoiacha marehemu baba.

Chumba cha tatu kilikuwa cha dada yake, Bernadetta.

Bernadetta alimzidi kwa miaka miwili. Walimenya ndizi ndoo kwa ndoo, na Jumapili walisimama pamoja katika kwaya ya kigango, Prudencia sauti ya kwanza, Bernadetta ya pili. Nyumbani walikuwa na wimbo wao wa Kihaya, ambao mama yao aliutunga walipokuwa wadogo ili wasichoke kazi. Anayeshika sauti ya kwanza anauliza, ya pili inajibu. Anauliza nani amefika uani, anajibiwa. Anauliza amebeba nini, anajibiwa.

Agosti 2018 Bernadetta alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Prudencia akaacha kwaya. Mama akaishusha picha ya marehemu ukutani, na hakulitaja tena jina lake, hata ilipofika misa ya kumwombea.

Kisha kikaja kipindi cha Simama Uimbe.

Kila Jumapili saa kumi na moja jioni, mitaa ya Mkolani hunyamaza. Vinyozi huacha vichwa nusu. Watu hujazana kwenye nyumba zenye televisheni, na wengi hawafuati uimbaji peke yake. Wanafuata nyuso za majaji watatu, hasa Yeremia Chenge, mwanamuziki mkongwe ambaye huvua miwani kila anapokaribia kumkataa mtu. Watoto wa mtaa humwigiza kwa miwani ya waya. Anapoigusa tu miwani yake, sebule nzima hubana pumzi.

Winnie, jirani wa Prudencia na mwenzake kazini, hajawahi kukosa kipindi hicho.

"Sisi hapa nani atatuambia tuna kitu?" anauliza. "Bosi anaangalia ndizi zimeisha. Lakini yule Chenge anakutazama wewe, na nchi nzima inasubiri atasema nini."

Winnie ndiye aliyejaza fomu ya usaili kwa simu yake, akaandika jina la Prudencia bila kumwambia. Alikuwa amewahi kumsikia akiimba nje ya nyumba, jioni moja alipodhani yuko peke yake.

Usaili wa Mwanza ulifanyika Februari mwaka jana. Watu zaidi ya elfu mbili walipanga foleni tangu alfajiri, na zamu ya Prudencia ilifika saa tisa alasiri. Aliingia katika chumba kisicho na watazamaji: majaji watatu, mpiga picha mmoja, na fundi wa sauti aitwaye Projest. Mlango ulifungwa nyuma yake.

Akaimba wimbo wa mama yake. Anasema hakuwa amejiandaa na wimbo mwingine, na aliuimba kama alivyouzoea, akinyamaza kila palipokuwa na jibu la Bernadetta. Bila nafasi hizo, anasema, wimbo hauendi.

Katika ubeti wa pili, jaji wa kike, Queen, aliinua kichwa akatazama mlango. Chenge akanyoosha mkono, Prudencia akanyamaza.

"Mwambie mwenzio aingie tumwone," Chenge akasema.

Prudencia akajibu kwamba amekuja peke yake. Jaji akaagiza mlango ufunguliwe. Nje palikuwa na korido ndefu, na watu wameketi kando ya ukuta na namba zao kifuani, wamenyamaza kwa uchovu. Mlango ukafungwa, wakamwomba aanze upya. Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Chenge akamuuliza kwa upole ni nani anayemjibu.

"Aliyekuwa ananijibu alifariki," Prudencia akasema.

Majaji wote watatu walimpitisha. Chenge, aliyezungumza na mwandishi wa makala haya kwa simu, anasema amekalia kiti hicho misimu mitano na anajua anachosikia. "Ile sauti ilikuwa nyuma yake kidogo, upande wa kushoto," anasema. "Ilikuwa sauti ya mtu mzima, aliyetulia. Haikuwa na haraka."

Projest amefanya kazi ya sauti kwa miaka kumi na minne. Anaeleza kwamba chumba kile kilikuwa na kipaza sauti kimoja tu, na kwamba kwenye mashine yake kuna mshale unaopanda mtu akiimba na kulala akinyamaza. "Yule dada alipofunga mdomo, mshale ulilala," anasema. "Nikauangalia umelala, na huku masikioni nasikia mtu anaimba. Nilivua hedifoni nikaziweka mezani. Nikaendelea kusikia."

Mwandishi aliisikiliza rekodi hiyo mara tatu. Mara mbili za kwanza, kwenye nafasi za majibu palikuwa na ukimya mtupu. Mara ya tatu, katika ubeti wa mwisho, kulikuwa na kitu. Hawezi kuapa kilikuwa nini.

Kipindi kilirushwa Jumapili ya pili ya Machi. Sebuleni kwa mama Paskazia walikuwamo watu kama ishirini. Wimbo ulipofika kwenye jibu la kwanza, mama alisimama, akaiendea televisheni, akaweka kiganja juu ya kioo. Akasema, "Bernadetta." Hilo jina halikuwa limesikika katika nyumba ile kwa zaidi ya miaka sita.

Waliokuwepo wote wanasema waliisikia sauti ya pili. Prudencia alikuwa ameketi katikati yao. Alisikia sauti yake mwenyewe, kisha kimya, kisha sauti yake mwenyewe.

"Nilidhani wananionea huruma," anasema. "Nikawatazama usoni mmoja mmoja. Hawakuwa wananitazama mimi."

Wiki iliyofuata wageni wakaanza kuja. Walisimama nje ya uzio wa mgahawa, wengine na picha, wengine na nguo za watu wao waliokufa, wakimwomba awaimbie. Aliwakatalia wote isipokuwa mmoja, mzee Ngosha kutoka Kisesa, aliyekuja na kanga ya mke wake imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa amekuja siku tatu mfululizo, akiketi kwenye jiwe bila kusumbua mtu.

Prudencia alimwimbia beti mbili. Ilisikika sauti moja tu. Mzee alisubiri hadi alipokuwa na hakika kwamba wimbo umekwisha, akashukuru, akaikunja upya kanga yake na kuondoka. Tangu siku hiyo Prudencia hajaimba tena pale kazini, na wenzake nao wameacha.

Mwezi Mei waandaaji wa kipindi walimwita Dar es Salaam kwa hatua ya kumi na sita bora, inayorushwa moja kwa moja. Tangazo lilikuwa limeshaanza kuonyeshwa, likimwita mwanamke anayeimba na mtu asiyeonekana. Mama yake alimkataza.

"Usimpeleke mtoto wangu kwenye matangazo," alimwambia. "Akitaka kuja, anapajua hapa."

Prudencia alikwenda. Watu wengi Mkolani wanaamini alifuata zawadi ya mshindi, na yeye hajawahi kuwabishia. Ukweli wake ni mwingine. Alikuwa ameambiwa kwamba ukumbi ule una spika kubwa kuliko zote alizowahi kuziona, na kwamba jukwaani mwimbaji huwekewa spika miguuni ili ajisikie. Akafikiri kwamba huko, angalau mara moja, hataweza kumkosa dada yake.

Alipanda jukwaani saa kumi na moja na nusu jioni. Anakumbuka taa, na anakumbuka kwamba watu wote ukumbini walikuwa wameinama mbele kidogo, maelfu ya watu, hakuna anayekohoa. Akauliza nani amefika uani. Akanyamaza.

Hakuna aliyejibu.

Akauliza amebeba nini. Spika miguuni zilikuwa zikitoa mvumo mdogo wa umeme, basi. Aliimba beti zote nne hivyo hivyo, akiacha kila nafasi kwa urefu wake. Alipomaliza, Chenge alikuwa ameshavua miwani.

"Umekuja peke yako," jaji akasema.

"Hata mimi nilikuwa namsubiri," Prudencia akajibu.

Akatolewa. Sehemu hiyo ya kipindi ilichukua dakika sita.

Dakika hizo hizo, Mkolani, sebule ya mama Paskazia ilikuwa imejaa kuliko ilivyowahi kujaa. Jua lilikuwa bado lipo na mlango wa nyuma ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Winnie alikuwa ameketi karibu na mlango huo. Anasimulia kwamba Prudencia alipouliza swali la kwanza kwenye televisheni, jibu lilitoka nje, nyuma ya nyumba, pale ambapo wale ndugu wawili walikuwa wakimenya ndizi zamani.

"Televisheni inauliza, uani wanajibu," Winnie anasema. "Mara ya kwanza nikadhani ni mwangwi. Lakini mwangwi unarudisha maneno yako. Haya yalikuwa maneno mengine. Mimi Kihaya sikijui, ila nilijua ni majibu."

Hakuna aliyenyanyuka. Winnie anakiri kwamba alikuwa na hatua mbili tu kufika mlangoni, na kwamba hakuzipiga. Aliyetoka ni mama peke yake, polepole, akijishikilia ukutani. Walimsikia akifika uani. Wimbo uliendelea hadi jibu la mwisho, ukakoma. Halafu wakamsikia mama akisema, kwa sauti yake ya kila siku, "Marahaba, mwanangu."

Aliporudi ndani aliomba apewe kiti, kisha akaomba ile picha itolewe kabatini na kurudishwa ukutani. Alipoulizwa na mwandishi aliona nini, alisema aliona uani kwake: beseni, kamba ya nguo, kuku wa jirani. Hakuona mtu. Wala hakuogopa.

"Alinisalimia," anasema mama Paskazia. "Ungekuwa wewe, usingeitikia?"

Prudencia alishuka kwenye basi Nyegezi siku mbili baadaye, asubuhi. Winnie alimpokea na kumweleza yote hapo hapo stendi, kabla hajayasikia kwa wengine. Hakwenda chumbani kupumzika. Aliweka begi lake mlangoni, akazunguka nyuma ya nyumba, akakaa chini kwenye udongo mpaka mama alipomletea uji.

"Niliona wivu," anasema. "Utamwambia nani kwamba umemwonea wivu mama yako? Mimi ndiye niliyeimba naye miaka yote. Nikasafiri mpaka Dar kumtafuta, kumbe kabaki nyumbani."

Tangu siku hiyo sauti ya pili haijasikika tena. Mama Paskazia analala vizuri na hulitaja jina la Bernadetta anapotaka, mara nyingine katikati ya mazungumzo ya kawaida kuhusu chumvi au mvua. Msimu mpya wa Simama Uimbe umeanza, na Mkolani bado hunyamaza kila Jumapili. Waandaaji walimpigia Prudencia kumwalika tena. Aliwashukuru na kukataa. Hana kinyongo na Chenge; anasema jaji yule aliambiwa atasikia kitu, akasubiri kwa uaminifu, hakukisikia. Yeye mwenyewe ni hivyo hivyo.

Mwezi uliopita alirudi kwenye kwaya ya kigango. Mwalimu alimwonyesha nafasi yake ya zamani, mstari wa sauti ya kwanza. Akaomba ahamishiwe ya pili.

Si kazi rahisi kwake. Kwa miaka ishirini koo lake limezoea kupanda, na sasa linatakiwa kubaki chini na kungoja. Anakosea mara kwa mara, anajikuta amekimbilia juu bila kujua, wenzake wanacheka kidogo. Jioni, akitoka kazini, hufanya mazoezi nyumbani.

Ule wimbo wa kumenya ndizi anautaka uwe tayari Krismasi, kwa ajili ya familia tu, bila mashine wala wageni. Ameshamwomba mama yake ashike sauti ya kwanza. Mama alimwambia kwamba hajaimba tangu mwaka 2018 na hajui kama sauti ipo, lakini atajaribu.

"Nataka mama aniulize," Prudencia anasema, akivuta mkungu mwingine. "Safari hii nijibu mimi."