Leseni ya Mzee Pazi

Devotha alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini Morogoro, kwenye dirisha la leseni za uvuvi. Kazi haikuwa nyingi. Wavuvi wa nyavu walikuja mwanzoni mwa mwaka, na baada ya hapo angeweza kukaa wiki nzima bila kufungua droo.

Ijumaa moja ya mwaka 1994 alikuja Mzee Pazi, Mluguru wa Mwembesongo. Alikuwa amesokota nyuzi kiwandani miaka kumi na tisa, mpaka kiwanda kikafungwa. Tangu hapo alikwenda Bwawa la Mindu kila asubuhi na ndoano moja, si kwa biashara. Akipata perege wawili alirudi nao nyumbani, akikosa alirudi vilevile na uso mkunjufu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nasikia siku hizi hata wa ndoano anatakiwa awe na leseni. Nimekuja kukata yangu."

Kitabu cha leseni kilikuwa kimekwisha. Kipya kilikuwa kwenye ghala la mkoa, mwendo wa nusu saa, na malori ya mboga kutoka Mgeta yalikuwa yameshafika sokoni. Devotha alitaka kuwahi karoti kabla wachuuzi hawajazimaliza.

"Wewe unavua kwa kujifurahisha, mzee. Nenda tu. Akikuuliza mtu, mwambie nimekuruhusu mimi."

"Hakuna hata kikaratasi?"

"Hakuna haja."

Wiki tatu baadaye doria ilishuka Mindu. Landrova ilirudi ofisini na vijana watano wa nyavu za matundu madogo, na nyuma yao Mzee Pazi, ameshika mwanzi wake wa kuvulia. Bwana Ignas, afisa uvuvi, akawahoji mmoja mmoja palepale ukumbini.

"Leseni yako iko wapi, mzee?"

"Nilikuja kuikata. Dada huyu akaniambia haina haja."

Wote wakamgeukia Devotha. Mwezi ule ofisi ilikuwa inangoja orodha ya watakaopunguzwa kazini. Makarani walikuwa wawili, yeye na Magreth, na ilishajulikana kwamba mmoja ataondoka.

"Sikumbuki," akasema. "Wanakuja watu wengi."

Hawakuwa wengi. Mwezi mzima walikuwa wamekuja wanne.

Mzee Pazi alimtazama kama mtu aliyebisha hodi akakuta nyumba siyo. Kisha akamwambia Ignas, "Labda nimekosea. Labda alikuwa mwingine."

Mwanzi wake ulivunjwa kwa goti, ukatupwa juu ya nyavu zilizokamatwa. Yeye akalazwa rumande hadi kesho yake pamoja na wale vijana.

Orodha ilipotoka, jina lilikuwa la Magreth. Siku ile ile Devotha alikwenda kwenye ghala la mkoa. Alirudi na kitabu kipya kabla ya chai ya saa nne, na wepesi huo ukamuumiza kuliko yote. Akaandika leseni kwa jina la Pazi, akalipa ada mwenyewe, akaipeleka Mwembesongo.

Mke wa mzee, Bi Pili, alimkaribisha mkekani. Mzee akaipokea karatasi kwa mikono miwili na kuisoma yote.

"Nilikumbuka, baba," Devotha akasema. "Siku ile nilikumbuka kila kitu."

"Najua."

"Mbona hukusisitiza kuwa ni mimi?"

"Mimi nimengoja orodha kiwandani, binti. Namjua mtu anayengoja orodha."

"Nitakwenda kwa Bwana Ignas nimweleze."

"Ukienda, nenda kwa ajili yako. Usiniambie ni kwa ajili yangu."

Alikwenda. Ignas alimsikiliza huku akisaini barua, akasema mambo yale yamekwisha na faili limefungwa, arudi dirishani kwake. Devotha alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Hakuwa amejiandaa kurudi kukalia kiti kile kile, meza ya Magreth ikiwa tupu pembeni yake.

Mzee Pazi hakurudi tena Mindu. Leseni ilipoisha muda, Devotha alimpelekea nyingine, na mwaka uliofuata nyingine. Kila mara mzee aliipokea, akashukuru, akamuuliza habari za watoto. Devotha alikuwa akitoka pale kifua kimepungua uzito kidogo, kwa siku chache.

Mwaka wa nne Bi Pili alimsindikiza hadi barabarani, akasimama.

"Mwanangu, nikuombe kitu. Usimletee tena zile karatasi."

"Amekasirika, mama?"

"Hakasiriki. Lakini kila ukija na kuondoka, anakaa siku mbili hasemi na mtu."

Devotha akaitikia sawa. Akaaga, akashika njia ya mjini, na kwa mara ya kwanza akajiuliza miaka yote ile alikuwa anampelekea nani leseni.