Miaka Mitatu, Kiatu Kimoja

Nyumbani kwetu Keshero, mjini Goma, kuna mkazi mmoja asiyekunywa maji ya ziwa. Mimi ninayanywa yakiisha kuchemka. Mume wangu anayanywa, watoto wanayanywa, na padri alipokuja kubariki nyumba aliyanywa na kushukuru. Huyo mmoja anakunywa maji ya mvua tu, tena si ya mvua ya kwanza, kwa sababu mvua ya kwanza huosha vumbi la volkano juu ya mabati na vumbi hilo linaweza kumdhuru. Ni okidi. Ana majani machache, anakaa dirishani upande wa jua la asubuhi nyuma ya pazia jepesi, na hajawahi kuchangia hata chumvi.

Aliletwa na mume wangu, ambaye ni dereva wa lori kwenye njia ya Bunagana. Mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi karibu na ziwa alikuwa anahama, na mume wangu akapewa kazi ya kubeba vitu vyake mpaka mpakani. Vitanda vilipita, friji ilipita, mbwa alipita na hati zake zote. Vyungu vitatu vya okidi vilikataliwa, maana havikuwa na karatasi. Yule mgeni alisikitika kwa ajili ya vyungu kuliko alivyosikitika kutuacha sisi, akamkabidhi mume wangu na kumhakikishia kwamba ni mimea rahisi sana kutunza. Ndivyo mume wangu, ambaye tangu tuoane hajaniletea hata ua la plastiki, alivyorudi nyumbani na zawadi tatu zilizofukuzwa na forodha.

Hata maua hazikuwa nayo. Yalikuwa majani tu yenye madoa, na kila chungu kilikuwa na kibandiko chenye majina mawili marefu na alama ya kuzidisha katikati. Mimi ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo alama hiyo ilinipa matumaini. Baadaye nilijua maana yake: ni machotara. Mtu alichukua chavua ya ua hili akapaka lile, na mche unaozaliwa hakuna anayejua utakuwa na sura gani mpaka siku utakapochanua. Yaani nilikuwa na kuzidisha kusiko na jibu, dirishani kwangu, kila asubuhi. Mwalimu wa hesabu hawezi kuvumilia jambo kama hilo.

Okidi ya kwanza ilikufa kwa ukarimu. Mume wangu aliimwagilia asubuhi na jioni, maji yakatuama katikati ya majani, moyo wake ukaoza. Ya pili ilikufa kwa sababu tulikuwa tumejifunza kutoka kwa ya kwanza, tukainyima maji kabisa. Ya tatu ilipobaki peke yake nilimfukuza mume wangu dirishani na kujiunga kwenye simu na kikundi cha wapenzi wa okidi za kiatu. Zinaitwa hivyo kwa sababu sehemu moja ya ua imejikunja kama ncha ya ndara iliyofungwa mbele. Wengi katika kikundi wanaishi nchi za baridi na wanazifuga ndani ya nyumba za vioo, kwa joto la kununua. Wakanishauri nitafute mawe ya volkano yaliyopondwa. Ni ghali, walisema kwa huruma, lakini hayashiki maji mizizini, kwa hiyo nijitahidi kuyapata.

Nikatazama nje. Ukuta wetu ni mawe ya volkano. Barabara yetu ni mawe ya volkano, na choo chetu kilichimbwa ndani yake kwa nyundo na matusi. Hapa Goma tunayaita makoro, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu yalinifaa kwa kitu zaidi ya kumaliza soli za viatu. Nilichukua nyundo, nikayaponda nyuma ya nyumba, nikachanganya na makaa yaliyovunjwa vipande vidogo, na okidi ikatulia kama mtu aliyerudi kwao.

Kisha mama yangu akaja.

Aliishi kilimani nje ya Butembo, yeye na migomba yake na maharage yake, mpaka vita ilipofika kwenye kilima hicho. Kwetu alifika na mfuko mmoja na kisu chake cha migomba. Tulimpokea vizuri kupita kiasi. Akishika ufagio, tunasema mama, acha, pumzika. Akisogelea jiko, mama, pumzika. Tulimpumzisha mpaka akawa anakaa kwenye kigoda karibu na dirisha, akichambua maharage ambayo muuzaji alikwisha kuyachambua.

Lazima nieleze kwamba katika ukoo wetu hatusemi mambo ya moyoni. Tunadhihakiana. Nilipopata diploma, mama alisema sasa ataweka mlinzi wa kuhesabu vijiko, maana wasomi ndio wezi wa nchi. Siku ya harusi alimwambia mume wangu kwamba bidhaa ikitoka dukani hairudishwi. Mume wangu alikasirika, maana hakujua kwamba yalikuwa machozi.

Kwa hiyo okidi ilimfaa sana mama. Alipata mtu wa kutukana.

"Hii inazaa nini?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Maua."

"Ya kula?"

"Hapana."

"Ya kuuzisha?"

"Ya kutazama, mama."

Alinitazama mimi, akatazama bidoni, dumu letu la maji ya mvua, akanitazama tena. "Batoto bananywa maji ya ziwa," alisema, "na majani inanywa maji ya mbinguni. Mungu akusaidie."

Katika kiangazi cha mwaka wa tatu, usiku ulipokuwa wa baridi, kitu kilitokeza katikati ya majani. Kilikuwa kidogo kama punje ya mahindi. Kikapanda juu ya kikonyo chenye nywele, polepole, kama faili linalosubiri sahihi ya mkubwa. Nilikuwa ninakichungulia kabla ya kwenda shuleni na nikirudi. Mama alidai kwamba hakijali, lakini kigoda chake kilisogea dirishani kila siku kidogo.

Asubuhi moja jibu la hesabu yangu lilikuwa wazi. Lilikuwa la rangi ya zambarau nzito, lenye mistari ya kijani juu na madoa meusi pembeni, na mbele mfuko unaong'aa kana kwamba umepakwa mafuta. Niliita nyumba nzima. Mama alikuja wa mwisho, akainama, akalizunguka.

"Ni kiatu," alisema. "Miaka mitatu ya maji ya mvua, inazaa kiatu! Tena kimoja. Cha pili kiko wapi? Na tazama, iko na ndevu."

Jirani aliyekuja kuazima sufuria alilisifu sana, akauliza ni duka gani linalouza plastiki nzuri namna hiyo. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Nilifurahi kwa kicheko hicho kuliko kwa ua lenyewe.

Maua haya hukaa wiki nyingi bila kunyauka, na katika wiki hizo mama alizidi kunyamaza. Jumapili moja baada ya misa alitangaza mezani kwamba mfanyabiashara mmoja wa parokia ana gari la kwenda Butembo Jumatatu, si ya kesho bali ya juma lifuatalo, na kwamba nafasi ya mbele ni yake.

"Kule bado hakujatulia," nilisema.

"Na hapa niko na kazi gani? Niko nakula tu. Mutu mwenye ameshamaliza kazi yake, munamuweka ku saloni sawa kabati," alisema, akionyesha sebule kwa kijiko.

Niliogopa. Majirani zake wa kilimani walikuwa wamenipigia simu kusema kwamba wao wenyewe hawalali majumbani. Nilijua ni maneno gani yanayotakiwa: baki, mama, ninakuhitaji. Si maneno magumu, hata watoto wa darasa la kwanza wangeyasoma. Nilifungua mdomo na kumwambia, "Ukienda, nani atanitukania okidi?"

"Utapata mwingine," alisema, na kuendelea kula.

Alhamisi ya juma hilo ua lilianguka. Okidi hizi hazipukutishi kidogo kidogo. Ua huanguka zima, bado likiwa na rangi zake zote, kana kwamba limesahau kitu sakafuni. Mama aliliokota, akaliweka kwenye kabati la vyombo pamoja na maua ya plastiki niliyojinunulia, ambako, kusema kweli, lilikaa vizuri. Kisha akainama juu ya chungu na kukaa hapo muda. Chini, ubavuni mwa majani ya zamani, alikuwa ameona kichipukizi cha kijani.

"Kumbe ni mugomba!" alisema.

Nilimwambia kwamba ndivyo hasa ilivyo. Fungu moja la majani huchanua mara moja tu maishani, halafu mtoto huota ubavuni. Uso wake uliamka. Aliuliza maswali jioni nzima, na kwa mara ya kwanza tangu aje alisahau kuniuliza bei ya kila kitu.

Jumamosi nilikuwa nyuma ya nyumba nikifua. Nilipoingia ndani, chungu kilikuwa sakafuni, na mama alikuwa amepiga magoti mbele yake na kisu chake cha migomba mkononi. Ameshika lile fungu la majani ya zamani kwa mkono wa kushoto, kama anavyoshika mtu anayeijua kazi.

"Mama! Uko nafanya nini?"

"Niko nakusaidia mbele ya kwenda. Huyu ameshazaa, hazai tena. Iko nakunywa maji ya mutoto bure. Unamukata, mutoto anapata nguvu. Hata hii hawakukufundisha ku masomo?"

Kwa mgomba yuko sahihi. Ukivuna mkungu, unakata shina lililouzaa, na mtoto anakua. Alikuwa anataka kuniachia kazi iliyofanywa vizuri, kama zawadi ya kuagana.

"Usimukate."

"Juu ya nini?"

"Haiko mugomba sana. Huyu mukubwa hatazaa tena, ni kweli. Lakini mutoto iko nakula kwake. Mizizi yake ingali kidogo. Ukimukata mukubwa, mutoto anadumaa, pengine anakufa."

Kisu kilibaki hapo kilipokuwa, juu ya majani.

"Kwa hiyo anakaa tu? Hazai kitu, na munamupatia maji?"

"Hakai tu. Iko nalisha."

"Mupaka lini?"

"Mupaka mutoto azae naye. Na hata pale hatumukati. Anabaki."

Sauti yangu ilikatika kwenye neno la mwisho, jambo ambalo si la kawaida kwa mtu anayezungumzia majani. Mama hakuinua macho. Nje mtu alipita akisukuma mzigo kwenye makoro, tukamsikia mpaka akapotea mbali.

"Hiyo, ni bazungu ba ku simu banasema," aliuliza polepole, "ao ni weye?"

"Ni miye, mama."

Alifuta kisu kwenye kitenge chake, ingawa hakikuwa kimekata kitu. Akakirudisha kwenye mfuko, ule mfuko uliokuwa umefungwa tayari karibu na mlango, na mimi sikujua hiyo ilikuwa na maana gani. "Rudisha huyu muzee ku dirisha," alisema. "Ataumia, chini kuna baridi."

Jumapili hatukuongea juu ya safari. Jumatatu asubuhi gari lilipiga honi mbele ya lango. Nilisimama nyuma ya pazia, karibu na chungu. Mama alitoka. Alipita kando ya mfuko wake bila kuuinamia, akafungua lango, na nikamsikia akimwambia dereva:

"Enda tu, papa. Usalimie batu ya kule. Miye niko na kazi hapa."

Aliporudi ndani alichukua kikombe, akateka maji ya mvua kutoka kwenye bidoni na kuyamwaga pembeni mwa chungu, kidogo kidogo, mbali na moyo wa majani. Alisema mimi ninamwagilia kama mtu anayeosha lori. Kisha akanigeukia na kuuona uso wangu.

"Na weye," alisema, "uko nalilia kiatu kimoja?"