Sifuri Chini ya Bamba

Mwaka 2004 Hind Darwesh alikuwa na umri wa miaka arubaini na moja, na kumi na tano kati ya hiyo ameimaliza akipiga hesabu za majengo katika ofisi ya wahandisi huko mtaa wa Malindi. Siku hiyo macho yalimuuma tangu asubuhi. Ilikuwa siku ya nne anabishana na kompyuta.

Kazi yenyewe ilikuwa paa la chuma la ghala. Ncha moja ya kila boriti ilikaa juu ya nguzo ya zege, na baina yao bamba la kuteleza, ili jua likiitanua boriti, isogee bila ya kuiburura nguzo. Lakini bamba halitelezi bure, msuguano haukosekani. Kwa kalamu Hind alipata kiasi cha tani moja ya kuisukuma kila nguzo. Programu ikamjibu sifuri. Alibadilisha vipimo, akageuza mwelekeo wa bamba, akakagua kila namba. Sifuri.

Akaliacha ghala, akachora bamba moja tu. Akalisukuma: sifuri. Akalibebesha mzigo kwanza, kisha akalisukuma likiwa na mzigo wake. Tani moja ikatokea. Kumbe siku zote alikuwa akihesabu joto peke yake na uzito peke yake, halafu akijumlisha majibu. Katika hesabu ya joto paa halikuwa na uzito, na pasipo uzito hapana msuguano.

Hakufurahi. Miaka mitatu nyuma alikuwa amehesabu ukumbi mmoja wa Mtoni, wenye mabamba kama hayo, kwa njia hiyo hiyo. Haukupita msimu wa joto, vichwa vya nguzo tatu vikapasuka. Ofisi iliandika kwamba mwashi, mzee Borafya, ametumia mchanga wa pwani wenye chumvi. Hind alitia saini. Tangu hapo hakuna aliyempa Borafya nguzo ya kujenga.

Alitoa jalada la Mtoni, akahesabu upya. Kisha akampelekea mkuu wake, Basil.

"Miaka mitatu ishapita, Hind," alisema Basil baada ya kusoma. "Nani anauliza?"

"Hakuna anayeuliza."

"Basi?"

"Nguzo bado zinasukumwa. Na yule mzee hakukosa."

Basil alivua miwani, akajisugua uso. "Nguzo tutazitengeneza. Barua ya kukiri kosa andika kwa jina lako."

Jioni Hind alikwenda Jang'ombe. Borafya alikuwa kibarazani, miguu ndani ya ndoo ya maji. Siku hizi alikuwa kibarua wa kuchanganya zege.

"Shikamoo, mzee Borafya."

"Marahaba, Bi Hind. Karibu."

Hind alibaki amesimama. "Zile nguzo za Mtoni kosa lilikuwa langu. La hesabu. Mchanga wako haukuwa na ila."

Mzee aliitoa miguu ndooni. "Nlisema mchanga wa shamba."

"Ulisema."

"Nlisema mara ngapi?"

"Mara nyingi. Nisamehe, mzee."

"Nshachoka kukasirika," alisema Borafya. "Lakini mlinisema mbele ya watu. Kanisafishe mbele ya watu."

Hind akamwomba pia akazitengeneze nguzo zile. Mzee alisema atakuja kwa siku za kazi hiyo tu. Mgongo hauruhusu zaidi.

Jumamosi wanakamati sita wa ukumbi walikusanyika Mtoni. Hind aliisoma barua yake mpaka mwisho. Mmoja alipiga mwayo. Mwengine aliuliza kazi itakwisha lini. Borafya alisikiliza amesimama, kofia mkononi. Ilipokwisha aliiomba, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati.

"Saruji iko wapi?" aliuliza.

Walimwonyesha. Hind alikaa kwenye ngazi, akavua viatu. Kichwa kilimuuma, na ofisini ghala lilikuwa bado linamngoja.